Kama wote wanasema “ndiyo”, Bunge lina kazi gani?

Swali: Ndugu mtaalamu, juzi nilitazama kikao cha Bunge kwenye televisheni kwa saa mbili nzima. Viti vingi vilikuwa vitupu, mheshimiwa mmoja alikuwa amesinzia, wengine wawili walikuwa kwenye simu zao. Mwishoni Spika akasema, “Wanaoafiki waseme ndiyo.” Wakasema ndiyo, sheria ikapita. Kama serikali inaleta muswada na kupata inachotaka, Bunge lina kazi gani ambayo serikali isingeweza kuifanya yenyewe? Na swali la nyongeza: kwa nini mtu asiyechangia mjadala hata kidogo anaitwa Spika?

Jibu: Ndugu yangu, katika safari nzima ya sheria wewe umeona dakika yenye uzito mdogo kuliko zote. Sikubezi. Nimekuwa karani wa kamati za Bunge kwa miaka mingi, na hata mimi nikiwa ukumbini wakati wa kura ile ya sauti, nahisi kama nasomewa matokeo ya mechi niliyokwisha kuitazama. Swali lako ni zuri, ila nitalisogeza kidogo: serikali ilipofika kwenye ile “ndiyo”, ilikuwa imelazimika kueleza nini, na kuacha nini njiani?

Bunge halitawali. Halijengi barabara, haliajiri walimu, haliamrishi jeshi. Lilipo na afya, kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayetawala hapati sheria wala fedha bila kwanza kuja kuomba mbele ya watu na kujibu maswali. Katika nchi nyingi hata kiti chenyewe cha waziri mkuu kinategemea ridhaa hiyo.

Nianze na viti, maana najua ndivyo vilivyokukera. Ukumbi wa Bunge la chini la Uingereza una nafasi za kukaa 427 hivi, na wabunge ni 650. Uliharibiwa kwa mabomu mwaka 1941, na ulipokuwa unapangwa kujengwa upya Waziri Mkuu Winston Churchill alitaka ubaki mdogo, kwa hoja kwamba ukumbi wa kuwatosha wote ungeonekana mtupu karibu kila siku. Walijua mapema. Akidi, yaani idadi ndogo kabisa ya wabunge inayotakiwa ili kikao kifanye maamuzi, nayo hutofautiana sana: pale Uingereza wanatosha 40, Katiba ya Kenya inataka 50 katika Bunge la Taifa, ya Tanzania inataka nusu ya wabunge wote. Wasiokuwepo ukumbini wengine wako kwenye kamati, wengine majimboni, wengine, nikiri, wako wasikopaswa kuwa. Yule aliyesinzia sina utetezi wake, ingawa nimewahi kusikiliza hotuba za bajeti ambazo zingemlaza hata mlinzi wa zamu.

Sasa muswada. Kusomwa mara ya kwanza ni jina tu: Katibu anasimama, anasoma kichwa cha muswada, anakaa. Kusomwa mara ya pili ni mjadala wa jumla juu ya shabaha ya sheria yenyewe. Mara ya tatu ni kufunga mlango. Baadhi ya nchi hupeleka muswada kamatini kabla ya mjadala wa jumla, nyingine baada yake. Huko kamatini ndiko ningependa kukupeleka.

Fikiria meza ndefu na wabunge ishirini hivi kutoka vyama mbalimbali. Upande wa pili wameketi maofisa wa wizara pamoja na mwandishi wa sheria wa serikali, na nje ya mlango wadau wanasubiri zamu yao: wafanyabiashara, vyama vya wafanyakazi, mawakili, watu wa dini. Kamera ni chache, kwa hiyo na maigizo ni machache. Wanapitia kifungu kwa kifungu. Nakumbuka muswada mmoja uliompa mkaguzi mamlaka ya kuingia katika jengo lolote “wakati wowote”. Mbunge mmoja, muuguzi mstaafu ambaye ukumbini hakuwahi kusema neno la kukumbukwa, akauliza taratibu, “Hata saa nane za usiku?” Ofisa akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Jioni ile kifungu kilisomeka “wakati wa saa za kazi, au kwa hati ya mahakama”. Hapakupigwa kura, wala hakuna gazeti lililoandika. Muswada ukaenda ukumbini, wakasema ndiyo kama ulivyoona, na mtazamaji yeyote angeapa kwamba serikali ilipata ilichotaka.

Kuna maneno mengine ambayo karani aliyezeeka kazini huyatafuta kabla ya yote: “Waziri anaweza kutunga kanuni.” Sentensi hiyo ina maana kwamba Bunge linampa waziri kalamu na karatasi tupu yenye saini yake tayari. Viwango vya ada, masharti ya leseni, fomu za maombi, nani asamehewe na nani asisamehewe, mambo haya yanayomgusa mwananchi kila siku huandikwa wizarani, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mara nyingi bila mjadala wowote. Haiepukiki, Bunge haliwezi kukaa likajadili ukubwa wa kibao cha namba ya gari. Lakini kamati makini itauliza: kanuni hizi zitaletwa mezani kwetu? Tunaweza kuzibatilisha? Kwa muda gani? Nimeona kamati zikibishana siku mbili juu ya adhabu ambazo hazitatolewa kamwe, halafu zikapitisha kifungu cha kanuni kwa dakika tatu kwa sababu muda wa chakula ulikuwa umefika.

Kamati nayo si dawa ya kila kitu, na Kenya ilituonyesha hilo mwaka 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulipelekwa kwa Kamati ya Fedha, maoni ya wananchi yakakusanywa kama Katiba yao ya 2010 inavyotaka, na tarehe 18 Juni mwenyekiti wa kamati akatangaza kwamba baadhi ya mapendekezo yaliyolalamikiwa sana yameondolewa, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate na kodi mpya ya magari. Tarehe 25 Juni Bunge likapitisha kilichobaki kwa kura 195 dhidi ya 106, huku vijana wakiwa nje, na muda mfupi baadaye wakaingia ndani ya majengo. Watu walikufa siku hiyo. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatatia saini. Mimi nasoma mambo mawili hapo. La kwanza, muswada ulibadilika njiani, kwa hiyo mlango wa kamati ulifanya kazi. La pili, mabadiliko yalikuwa madogo kuliko hasira iliyokuwa nje, na walioketi ndani hawakuisikia, au waliisikia wakaogopa chama zaidi.

Nikitoka kwenye sheria niende kwenye fedha, ambako kihistoria ndiko meno ya Bunge yalikoota. Wafalme wa Uingereza hawakuwa wakiita Bunge kwa kulipenda. Charles wa Kwanza alitawala miaka 11 bila Bunge, kuanzia 1629 hadi 1640, na hakuliita kwa kuona haya. Aliliita kwa sababu vita na Waskoti vilimmalizia fedha. Wabunge nao wakajibu kama anavyojibu mtu yeyote anayeombwa mkopo: kwanza tuzungumze. Mfalme huyo aliishia kukatwa kichwa, na nitamrudia mwishoni.

Siku hizi mfuko wa taifa una hatua tatu: kuruhusu kodi, kuidhinisha matumizi, na kukagua baada ya matumizi. Televisheni hupenda ya pili. Hapo waziri wa fedha anashika mkoba, anapigwa picha, anasoma. Lakini katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza, mbunge wa kawaida hawezi kupendekeza matumizi yaongezwe au kodi mpya itozwe bila serikali yenyewe kupendekeza. Kwa Uingereza hiyo ni kanuni ya kudumu tangu 1713. Mbunge anaweza kupunguza, kulalamika, na kutishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Hawezi kuandika bajeti yake. Marekani walichagua njia nyingine. Huko Kongresi ndiyo inayoandika sheria za matumizi, na tangu 1974 ina ofisi yake ya bajeti yenye wachumi wake, ili isitegemee hesabu za rais. Gharama yake ni kwamba wakishindwa kuelewana, fedha hazitoki. Kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019 sehemu ya serikali ya shirikisho ilifungwa siku 35, watumishi wakakaa bila mishahara, kwa sababu ya ugomvi kuhusu ukuta wa mpakani.

Mahali pengine Bunge linaloikataa bajeti linajiweka lenyewe hatarini. Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge lililokataa bajeti ya serikali. Vivyo hivyo, Rais akikataa muswada na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, anapaswa kuusaini ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Pima mwenyewe: ni wabunge wangapi watapiga kura ya hapana wakijua kwamba wanaweza kuwa wamejipigia kura ya kurudi kwenye kampeni?

Ukiniuliza mimi, hatua ninayoithamini kuliko zote ni ya tatu, ukaguzi. Haina mvuto na huchelewa. Mara nyingi fedha zinazojadiliwa zimeshaliwa zamani. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anapeleka ripoti yake bungeni, na Kamati ya Hesabu za Serikali inamwita afisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za wizara, aje ajibu hoja za ukaguzi. Uingereza walianzisha kamati hiyo mwaka 1861, na kwa desturi huongozwa na mbunge wa upinzani, jambo ambalo nchi nyingi zimeliiga. Nimewaona makatibu wakuu wanaotetemesha wizara nzima wakifungua na kufunga faili lilelile mara nne kwa sababu mbunge amewauliza tu, “Stakabadhi iko wapi?” Wanaporudi ofisini hawasahau. Sehemu kubwa ya nidhamu ya fedha katika serikali inatokana na hofu ya kuulizwa swali hilo, zaidi ya adhabu yenyewe, ambayo kwa bahati mbaya ni nadra.

Kuhusu kumwondoa kiongozi, hapa aina ya mfumo ndiyo inayoamua. Katika mfumo wa kibunge, waziri mkuu anakaa kwa sababu Bunge linamvumilia. James Callaghan alipoteza imani ya Bunge la Uingereza tarehe 28 Machi 1979 kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja, na serikali ikaanguka. Ufaransa, serikali ya Michel Barnier iliangushwa Desemba 2024 kwa kura 331, mara ya kwanza jambo hilo kutokea tangu 1962. Wajerumani, wakikumbuka jinsi serikali zao zilivyokuwa zikiangushwa ovyo kabla ya Hitler, waliandika katika katiba yao ya 1949 kwamba huwezi kumwondoa kansela bila kwa kura hiyohiyo kumchagua mwingine. Kanuni hiyo imefanikiwa mara moja tu, tarehe 1 Oktoba 1982, Helmut Schmidt alipotoka na Helmut Kohl akaingia. Naiona kuwa moja ya vifungu vyenye akili zaidi kuwahi kuandikwa: mkiungana kubomoa, muungane pia kujenga.

Katika mfumo wa urais, rais hapati kiti chake kutoka kwa Bunge bali kwa uchaguzi wake mwenyewe, kwa hiyo Bunge haliwezi kumtoa kwa sababu tu halimpendi. Lazima liandae mashtaka, na vizingiti ni virefu. Wengi huona mfumo huu unalidhoofisha Bunge. Ajabu ni kwamba kuna siku unaliachia uhuru zaidi. Mbunge wa chama tawala katika mfumo wa kibunge akipinga muswada mkubwa anaweza kuiangusha serikali yake mwenyewe na pengine kiti chake. Seneta wa Marekani anaweza kumwaibisha rais wa chama chake asubuhi na jioni wote wawili bado wana kazi.

Na hapo ndipo tunafika kwenye ile “ndiyo” yako. Aliyeipanga ni mnadhimu wa chama, ambaye wengine humwita kiranja. Kazi yake ni kuhesabu vichwa kabla ya kura, kumwita mwenye kinyongo pembeni, kumsikiliza, kumbembeleza, kumkumbusha nani huteua wagombea. Serikali yenye akili haileti ukumbini muswada isioujua hesabu yake. Ikiona hesabu haitoshi, inaahirisha, inarekebisha, au inaufukia kimya kimya. Miswada iliyoshindwa hivyo hutaiona kwenye televisheni kwa sababu haikufika. Ukitaka kujua kama Bunge lina nguvu, usihesabu miswada iliyokataliwa ukumbini. Mara nyingi utapata michache sana. Linganisha muswada ulivyochapishwa mara ya kwanza na sheria iliyosainiwa. Ukikuta zimefanana hadi nukta, na mwaka unaofuata zimefanana, na wa tatu vilevile, basi shaka yako ni ya haki: hapo Bunge limegeuka mhuri. Hutokea hasa pale chama kimoja kina wingi mkubwa mno na uongozi wa chama ndio unaoamua nani arudi bungeni. Vifungu vya katiba vinaweza kuwa safi kabisa, na mbunge akabaki anatazama juu kwa chama badala ya chini kwa wapiga kura.

Hata hivyo nisingelizika Bunge mapema, kwani hata wingi mkubwa hupasuka. Tanzania mwaka 2007 chama tawala kilikuwa na viti vingi sana, na bado Bunge liliunda kamati teule kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006, chini ya uenyekiti wa Harrison Mwakyembe, mbunge wa chama hichohicho. Ripoti iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu na Rais akavunja Baraza la Mawaziri. Hapakupigwa kura ya kutokuwa na imani. Ripoti ilisomwa kwa sauti, mbele ya nchi nzima, ikatosha.

Bunge linaweza pia kujinyima meno lenyewe. Afrika Kusini, Mlinzi wa Umma, ofisa huru anayechunguza mwenendo wa serikali, Thuli Madonsela, alipotoa ripoti ya 2014 kuhusu fedha za umma zilizotumika kwenye makazi binafsi ya Rais Jacob Zuma huko Nkandla, Bunge la Taifa liliamua kumsafisha rais badala ya kumhoji. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba azimio hilo lilikwenda kinyume na katiba. Naomba ulione jambo hilo vizuri: mahakama ililiambia Bunge kwamba kumwajibisha rais si hiari ya wabunge. Ni wajibu, na kuutupa ni kuvunja katiba.

Umeniuliza pia, kwenye mstari wa pembeni wa barua yako, kama Bunge lenye mabaraza mawili ni bora kuliko lenye moja. Kwa kifupi, inategemea baraza la pili linamwakilisha nani. Likiwakilisha majimbo au kaunti, kama Seneti ya Marekani au ya Kenya, lina sababu ya kuwepo. Likirudia tu kazi ya lile la kwanza, watu huchoka nalo. Denmark ililifuta lake mwaka 1953 na Sweden ikafuata 1971, na hakuna iliyojuta sana.

Sasa Spika, maana hilo ndilo swali lililonifurahisha. Jina lilitoka nyakati ambazo wabunge wa Uingereza walihitaji mtu wa kwenda kwa mfalme kusema kwa niaba yao. Hakuitwa Spika kwa kusema bungeni. Aliitwa hivyo kwa kulisemea Bunge nje, mbele ya mtu mwenye upanga. Ilikuwa kazi ya hatari, na hadi leo Spika mpya wa Uingereza huburutwa na wenzake hadi kitini kwa mzaha, kana kwamba anakataa. Ukimya wake ukumbini ndio bei ya kuaminiwa na pande zote mbili.

Aliyelipa bei hiyo vizuri kuliko wote ni William Lenthall. Tarehe 4 Januari 1642 Charles wa Kwanza, yuleyule wa miaka 11, aliingia ukumbini na askari wakiwa mlangoni, akitaka kuwakamata wabunge watano. Alikichukua kiti cha Spika, akauliza walipo. Lenthall akapiga magoti, akamjibu kwamba mahali hapo hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Mfalme akatazama safu za viti mwenyewe. Watano hao walikuwa wameonywa mapema na kutoroka kwa mashua. Akasema anaona ndege wote wamekwisha kuruka, akatoka. Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyekanyaga ndani ya ukumbi ule Bunge likiwa kwenye kikao, na yote yalianza na viti vitano vitupu.